Uliyekutwa na homa ya ini au umemuuguza mwenye ini, siku ya majibu ulifanyaje? Tupeane uzoefu

mwanzisha uzi

Wakuu heshima kwenu. Kila nikiona mtu anauliza kuhusu homa ya ini anajibiwa mawili tu, aidha jiandae kufa au anapewa namba ya muuza dawa. Nikasema ngoja nifungue uzi wa sie tuliopitia wenyewe, mtu aeleze aligundulikaje, nini kilimsaidia na nini kilimpotezea muda. Naanza mimi.

2017 dada yangu alikuwa anafanyiwa operesheni, tukaambiwa ndugu tukachangie damu, nikaenda na shemeji. Damu ya kuchangia lazima ipimwe ukimwi, homa ya ini B, homa ya ini C na kaswende. Baada ya wiki mbili hivi napigiwa simu njoo, nikajua ni mambo ya kadi ya mchangiaji. Kufika kuna kijana kanipa karatasi imeandikwa HBsAg pozitivu akaniambia una homa ya ini B na haina dawa, basi, akaita mwingine. Nilitoka nikakaa kwenye benchi la nje nimekuta lina kivuli, nimekuja kushtuka jua lote liko usoni kwangu.

Usiku nikamwambia mke wangu. Hakusema kitu. Asubuhi naenda kunywa chai nakuta kikombe changu cha plastiki cha bluu kimechorwa msalaba kwenye kitako kwa ncha ya kisu, na sahani yangu imewekwa peke yake juu ya kabati. Sikumuuliza na yeye hakunieleza. Nimekula kwenye ile sahani miezi mitano. Kinachoniuma hadi leo ni kwamba hiki kirusi hakiambukizi kwa kula pamoja wala kushikana mikono, kinaenda kwa damu, kwa ngono, kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaa, kwa sindano na nyembe. Sasa kipindi chote hicho tumetenga vikombe, wembe wa kunyolea nilikuwa natumia mmoja na mdogo wangu, na mke wangu mwenyewe hajapimwa!

Afu nikaingia kwenye dawa za mizizi. Dumu la lita tano, elfu thelathini kila wiki. Mwezi wa nne macho yakaanza kuwa ya njano nikaambiwa ndo sumu inatoka, nikaongeza dozi. Alieniokoa ni daktari mmoja mama wa makamo, alipima ALT, kipimo cha damu kinachoonyesha kama ini linaumia, akakuta iko juu sana, akaniuliza unakunywa nini, nikamwambia, akasema acha leo leo. Nikaacha, ikashuka yenyewe. Yule mama ndo wa kwanza kunieleza kwamba kukutwa na kirusi ni jambo moja na ini kuumia ni jambo lingine, ile karatasi ya kwanza inasema kirusi kipo tu, haisemi ini likoje. Akarudia HBsAg baada ya miezi 6 kuhakikisha kama kimekaa moja kwa moja, akapima ALT, wingi wa virusi na ultrasaundi. Kipimo cha wingi wa virusi ni ghali, nililipa karibu laki mbili kwa kuchangiwa na kaka. Vikaja vichache, chini ya elfu moja, ini halina makovu. Sikuanzishiwa kidonge, nikapewa tarehe ya kurudi kila miezi 6 na sijawahi kuikosa.

Mke alipimwa hana, akachoma zile sindano tatu, ya kwanza, ya pili baada ya mwezi, ya tatu mwezi wa sita. Kikombe kipo, siku hizi wanangu ndo wanakichotea maji ya mtungini.

Haya karibuni.

BintiPangani

Pole sana kaka. Mimi niligundulika kwenye vipimo vya kwenda kufanya kazi za ndani Uarabuni. Kule homa ya ini B na C zinapimwa kabla hujapewa viza, ukikutwa nayo safari imeishia hapo. Nilikuwa nimeshauza cherehani yangu na kumlipa wakala, hela sikurudishiwa. Daktari aliniandikia siko fiti bila kunieleza siko fiti kwa nini, nimekuja kusomewa na jirani yetu ambaye ni mwalimu.

Ila lililonishangaza ni hili. Nilimwambia mama, naye akapimwa, anayo. Mimi nimezaliwa 1994, mdogo wangu 2005, mama mmoja baba mmoja, yeye hana. Kliniki wakatueleza kwamba chanjo ya homa ya ini B kwa watoto ilianza Tanzania 2002, yeye aliipata mimi sikuipata. Na mtoto akiambukizwa wakati wa kuzaliwa, katika 100 kama 90 kinabaki mwilini maisha yote, mtu mzima akiambukizwa wanaobaki nacho hawafiki 5 katika 100. Kwa hiyo jamani mnaonyooshewa vidole kwamba ni umalaya, wengi wetu tumekipata tukizaliwa au utotoni!

Mama tumbo lilikuwa limeanza kujaa maji, mashangazi wameshasema karogwa. Akatolewa maji hospitali, akapewa vidonge vya kukojoa na akakatazwa chumvi kabisa, afu akaanzishiwa tenofoviri, dawa ya kukandamiza kirusi, kidonge kimoja kila siku. Mwaka wa tatu huu anauza maandazi. Makovu ya ini bado yapo, ila ukimuona hutaamini.

MvuviUkara

Mimi naomba niwatoe kidogo kwenye B. Kaka yangu alitapika damu ndani ya mtumbwi, damu nyingi, tulikuwa tunaichota na kopo lilelile la kuchotea maji. Tukajua ini, tukapima homa ya ini, hana B hana C, pombe hanywi. Kufika hospitali ya Bugando, Mwanza, wakamuingiza mpira wenye kamera kooni wakakuta mishipa ya damu ya koo la chakula imevimba kama kamba, wakaifunga kwa vipira vidogo. Chanzo kichocho cha tumbo. Mayai ya minyoo yanakwama kwenye vimishipa vya ini, yanaacha makovu, damu ikikosa njia inarudi nyuma inavimbisha mishipa ya koo na bandama. Sie wa visiwani tunaoga ziwani toka tunajifunza kutembea. Dawa za kichocho anameza, na anameza propranololi ya kupunguza presha ya ile mishipa, karudishwa kufungwa mara nne. Kwa hiyo mtu wa kanda ya ziwa akitapika damu msimpe jina kabla ya kipimo, na msikae nae nyumbani mkisubiri ikatike. Sie tulikaa usiku mzima kwa sababu ya upepo.

mkulima_kondoa

Nisomapo hapa nalia. Mwaka 2016 huku Dodoma na Manyara watu waliugua ghafla, tumbo, kutapika, macho njano, wakafa, ikaja kujulikana ni sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, kwenye mahindi. Kenya walishapata yao 2004, watu 125 walifariki. Sasa hiyo ni ya ghafla, lakini ipo ya polepole. Mjomba wangu alikuwa na homa ya ini B bila kujua na amekula karanga na mahindi ya ukungu maisha yake yote, sababu mazuri yanauzwa, yale yaliyosinyaa na kubadilika rangi ndo yanabaki ya uji nyumbani. Bibi alikuwa anasema ukungu unaisha motoni. Hauishi, ile sumu haifi kwa kupika. Alipofika hospitali kakonda, ana uvimbe upande wa kulia chini ya mbavu mgumu kama jiwe, saratani ya ini. Wakatueleza kirusi na sumukuvu vikikutana kwa mtu mmoja hatari inazidishana, haijumlishwi. Alikaa wiki saba. Toka hapo mahindi yangu naanika juu ya turubai, sio chini kwenye udongo, na yenye ukungu simpi hata kuku.

mama_kijacho

Habari za leo wapendwa. Nina mimba ya miezi sita, leo asubuhi kliniki nimekutwa na hiyo HBsAg. Mume wangu sijamwambia. Naombeni mnijibu tu, mtoto wangu ataupata? nitamnyonyesha? Nimesoma uzi wote nikiwa chooni kazini.

jamaa_wa_maabara

Dada pole, na vuta pumzi kwanza. Mimi niko maabara miaka 14 na hiki kirusi ndo kazi yangu ya kila siku. Kunyonyesha utanyonyesha. Hatari kubwa iko siku ya kujifungua, na inazuilika. Omba upimwe wingi wa virusi, ukiwa juu ya 200,000 utaanzishiwa tenofoviri kabla hujajifungua ili vishuke. Na mtoto apate chanjo ndani ya masaa 24 toka azaliwe. Hapa angalia sana, ile chanjo ya kawaida ya homa ya ini B kwa mtoto inaanza wiki ya 6, hiyo ya siku ya kwanza usidhani utaikuta tu inakusubiri, anza kuulizia sasa hivi ni hospitali gani wanayo.

Kwamba inazuilika sio maneno ya kukufariji. Taiwan walianza kuchanja watoto wachanga nchi nzima 1984, saratani ya ini kwa watoto ikapungua sana. Gambia walianza 1986 wakawafuatilia wale watoto hadi ukubwani, wenye kirusi wakawa wachache mno ukilinganisha na kaka zao ambao hawakuchanjwa. Na yote hayo yametoka kwa mtu ambaye hata hakuwa anatafuta homa ya ini. Baruch Blumberg Mmarekani alikuwa anakusanya damu za watu wa sehemu mbalimbali duniani kuangalia zinavyotofautiana, miaka ya 60 akakuta kitu kwenye damu ya mzawa wa Australia, ikaja kujulikana baadae kwamba ndo hii HBsAg tunayopima leo. Siku yake ya kuzaliwa, 28 Julai, ndo siku ya homa ya ini duniani.

Mwanzisha uzi na wewe nikuambie, mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani (WHO) walilegeza vigezo vya kuanza dawa. Mwanzo walitaka virusi vizidi 20,000, sasa hivi vikizidi 2,000 na ALT ikawa juu unastahili, na wenye historia ya saratani ya ini kwenye ukoo wanaangaliwa tofauti. Mlioambiwa zamani hamhitaji, mkaulize upya. Mkulima ukoo wenu wote mkapime.

derevaTunduma

Mimi nitasema kwa ufupi niko njiani. Nilikuwa natumia tenofoviri mwaka na nusu, vipimo vikaja virusi havionekani, nikasema nimepona nikaacha bila kumwambia mtu. Mwezi wa tatu nikaanza kuchoka, mkojo rangi ya kokakola, nimelazwa siku 19 nachanganyikiwa, sijui jina la mwanangu, mke ananiambia nilikuwa namwita kwa jina la marehemu mama. Virusi kutoonekana sio kuisha, vilikuwa vimelala kwa sababu ya dawa. Homa ya ini C ndo inapona kabisa kwa vidonge vya wiki 12, watu wengi wanachanganya hizi mbili na mimi nilichanganya. Msiache dawa wenyewe jamani.

mwanzisha uzi

Asante sana maabara, Jumatatu naenda kuuliza. mama_kijacho ukimwambia shemeji tupe mrejesho, usikae nalo peke yako.

mama_kijacho

Nimerudi, samahani nimechelewa, wiki tano zimepita. Nilimwambia mume wangu usiku wa siku ileile, nikamuonyesha huu uzi akausoma wote kwenye simu yangu, alipofika kwenye kikombe akaniangalia akarudi kusoma. Kesho yake akaenda kupima, hana, kashachoma sindano mbili. Mimi virusi vimekuja milioni tatu na kitu, natumia dawa, mtoto anacheza vizuri. Chanjo ya siku ya kwanza tumeipata hospitali ya mbali kidogo, tumekubaliana nitahamia kwa wifi yangu wiki ya 37 ili niwe karibu. Begi liko tayari mlangoni, na karatasi ya majibu nimeiweka mfuko wa mbele ili mkunga aione kabla ya kitu kingine chochote.