Naomba ushauri: jozi za maneno ya Kiingereza kwa pesa kidogo

Wadau, naomba ushauri kuhusu jozi za Kiingereza, yaani maneno yaliyozoea kukaa pamoja, zinazotaja pesa kidogo, za kumfundishia mtu anayeanza kuandika. Zilizo wazi naziacha: price, salary na cost huchukua low; sum na amount huchukua small. Cheap hukaa na kitu chenyewe, si na price, ingawa hata wenye lugha yao huteleza hapo.

Ugumu uko kwenye zile zenye hisia. Paltry sum ina dharau: msemaji anaona kiasi hicho ni aibu kwa aliyekitoa. Meagre wages hulalamikia upungufu tu, kwamba pesa haikidhi mahitaji. Modest fee ni ya adabu, ndiyo maana wanaotoza ada huipenda. Halafu kuna nominal fee na token payment, na hapa ndipo wanafunzi wanapochanganya. Ya kwanza ni ada iliyo chini mno ya thamani halisi ya huduma. Ya pili ni malipo ya ishara, ya kuonyesha nia au kukiri deni. Je, peppercorn rent, ile kodi ya jina tu katika sheria ya Uingereza, mngeiweka kundi lipi?

Swali jingine: small change ni chenji, lakini pia ni pesa isiyo na uzito kwa anayeizungumzia. Mngefundisha maana zote mbili kwa pamoja, au ya pili ingoje? Mwenye sentensi za mfano aziweke, orodha tupu hazisaidii.