Masomo ya simu kwa mafundi umeme: mfumo utajuaje nani anajua nini?

KoleoJekundu: Wakuu habari za jioni, mimi na jamaa zangu tunaunda mfumo wa masomo kwa meseji za kawaida, walengwa ni mafundi umeme wa mtaani, wamefanya kazi miaka na miaka ila hawana cheti na wanataka waende urasimishaji wa ujuzi VETA (mamlaka ya ufundi stadi Tanzania, inapima ujuzi wa kazini na kutoa cheti). Tunataka kila mtu apewe linalomfaa, maana fundi mzoefu ukimuanzishia "umeme ni nini" anaona dharau anasepa, na tukiweka mtihani mrefu wa kuanzia ndo kabisaa hawarudi. Tufanyeje?

Mwl_wa_Jioni: Mtihani wa nini mkuu? Anzia katikati na uliza kazi, nadharia baadae. "Soketi za ukutani unavuta waya wa ngapi?" Akisema 2.5 (unene wa waya kwa milimita za mraba) mpandishe, akisema 1.5 huyo anachanganya na taa, mshushe kidogo. Ila usimpandishe kwa jibu moja, ukiweka A mpaka D hata anayebahatisha anapata moja kati ya nne.

bitozamani: Na kukumbusha je? Msikimbilie akili mnemba, bando na sava zitawamaliza bure. Kuna mbinu ya Mjerumani Leitner ya miaka ya 70, makasha ya kadi: ukipatia swali linahamia kasha linalofuata unaulizwa baada ya siku nyingi zaidi, ukikosa linarudi kasha la kwanza. Anki, programu ya kadi za kujifunzia, toka 2006 inatumia wazo hilohilo la kurefusha muda kati ya marudio. Kwenu ni safu mbili tu kwenye database, namba ya kasha na tarehe ya kuuliza tena.

MamaWawili_Tz: Mnasahau simu sio mtu 😂 Sisi tulifanya ya akina mama wa vikoba, mfumo ukawa unashangaa mtu asubuhi moto jioni sifuri, kumbe jioni simu anayo mtoto na ndo anajibu! Anzeni na "Nani anasoma? 1 baba, 2 mwingine". Halafu mtu akikaa kimya mwezi msimrudishe mwanzo, labda kapata saiti mkoani, mpeni maswali mawili muone.

KoleoJekundu: Dada hilo la simu hatukuliwaza kabisa, asante. Na akibadili laini?

MamaWawili_Tz: Mpe namba ya siri fupi, aingie nayo kwa laini yoyote.

KoleoJekundu: Sawa. Sasa mchoro wa saketi naubanaje kwenye herufi 160 jamani

Mwl_wa_Jioni: Usiubane. Mwambie azime meni swichi hapohapo saitini, ahakikishe kwa testa, afungue boksi, akujibu breka ya soketi ina ampia ngapi na waya wake unene gani.