Mwanangu wa miaka mitatu na nusu amejifunza kusema "mama hayupo"

Mama Babuu, Moshi

Habari zenu wapendwa. Naombeni mnisome mpaka mwisho, maana sina mtu wa kumwambia haya bila yafike kwa mawifi.

Nauza mitumba ya watoto pale Memorial. Mume wangu ni mpagazi wa Mlima Kilimanjaro, anabeba mizigo ya wageni, wenyewe wanaitana wagumu. Tumepanga vyumba viwili Pasua, geti la bati. Tuna mtoto mmoja wa kiume, hapa nitamwita Babuu.

Mwezi wa pili nilichukua mkopo wa laki tano, hii mikopo ya kausha damu, niongeze belo. Rejesho 75,000 kila Ijumaa kwa wiki kumi. Niliwaza mume akipata safari mbili tu tunamaliza. Belo kulifungua, nusu ni nguo za madoa na zilizochanika. Masika nayo ikaingia, wageni wakakata, na toka Aprili baba Babuu hajaitwa hata safari moja.

Basi Ijumaa wakija nafunga mlango, nazima redio, nakaa na Babuu nyuma ya kitanda, namwambia nyamaza baba, usiongee. Mara ya kwanza alidhani ni mchezo, akacheka. Nikamziba mdomo kwa kiganja. Mpaka leo nakisikia kile kicheko kilivyokatikia mkononi mwangu.

Wiki tatu zilizopita jirani alikuja tu kuomba chumvi. Babuu akakimbia getini kabla yangu, akamwambia, "Mama hayupo, amesafiri." Hakuna aliyemtuma. Juzi nikamkuta uani amepanga vizibo vya soda kwenye mstari. Kizibo kikubwa cha dumu anakigonga ukutani, "hodi, hodi", halafu vile vidogo vyote anavifunika na kopo. Nikamuuliza wanafanya nini humo. Akasema, "Wamejificha. Usiwaite."

Tangu mwaka jana mwezi wa tisa alikuwa anaamka mkavu, sasa anakojoa kitandani karibu kila usiku. Nikiingia hata chooni analia mlangoni. Mwalimu wake wa chekechea anasema zamani ndiye alikuwa anawaanzishia wenzake nyimbo, siku hizi anakaa ameegemea ukuta.

Na mimi sijifichi, nasema. Ananiita mara nne, tano, ndipo nasikia. Nakuwa nimekaa naye hapo, mkono unasonga ugali, kichwa kiko Ijumaa. Usiku mimi na baba yake tunagombana kwa kunong'ona tukijua amelala. Mume wangu hajawahi kunipiga, Mungu ni shahidi. Ila siku moja aliipiga meza, kikombe kikaanguka, na asubuhi Babuu akaniuliza, "Kikombe kilikosa nini?"

Mama mkwe ananiambia mtoto mdogo hajui kitu, akikua atasahau. Swali langu ni hilo tu. Ni kweli hajui? Na kama anajua, nimeshamharibu?

Nesi Mstaafu, Arusha

Binti yangu, pole sana. Nimefanya kazi kliniki ya mama na mtoto miaka 31, mingi hapa Arusha, na swali lako nimeulizwa mara nyingi, ingawa wengi hawakuliuliza kwa mdomo.

Anajua. Hajui deni, hajui riba, lakini uso wako anaujua kuliko unavyoujua wewe. Miaka ya 1970 huko Marekani, mwanasaikolojia Edward Tronick aliwakalisha mama na vichanga vyao uso kwa uso. Mama anacheza na mtoto kama kawaida, kisha anaambiwa akaushe uso, amwangalie mtoto bila kuitikia chochote, dakika chache tu. Mtoto anatabasamu. Haitikiwi. Ananyoosha kidole, anapiga kelele, anainama mbele amvute mama. Mwisho anageuza uso pembeni na kulia. Hao ni watoto wa miezi, hata kutembea bado. Wako ana miaka mitatu na nusu, ndiyo maana ameweza kuligeuza jambo lenyewe likawa mchezo wa vizibo.

Mwilini inakuwa hivi. Mtu akishtuka, mwili unamwaga homoni za hatari, mojawapo ni kotisoli. Moyo unaenda mbio, usingizi unakimbia, tumbo linafunga. Hatari ikipita, homoni zinashuka, na hilo halimdhuru mtoto, anadungwa sindano ya chanjo analia, unambeba, yamekwisha. Tatizo ni pale hali ya hatari inapokaa wiki na miezi na hakuna mkubwa wa kumtuliza. Wataalamu wa makuzi wanaiita msongo wa sumu. Ubongo wa mtoto katika miaka mitatu ya kwanza unafika karibu asilimia 80 ya ukubwa wa ubongo wa mtu mzima, kwa hiyo unajengwa huku mlango unagongwa. Mtoto anazoea kuvizia hatari. Nafasi ya kuimba na kuuliza maswali inabanwa.

Sasa hapa naomba usome polepole. Katika lile jaribio, mama alipoachiwa na kurudi kuwa mama, watoto walirudi kwake. Wengine walinuna kwanza, lakini walirudi. Kumkosa mtoto wako kwa muda na kumrudia ni jambo la kila nyumba. Kwa hiyo hapana, hujamharibu. Ila usimwache akae hivyo.

Fanya haya. Mpeleke kituo cha afya wampime mkojo. Mtoto aliyekwisha kukauka zaidi ya nusu mwaka akaanza tena, tunaangalia kwanza maambukizi ya njia ya mkojo na sukari, na unamuuliza kama anapata choo vizuri, maana choo kigumu nacho kinakojoza. Usiseme ni mawazo kabla ya kipimo. Na asichapwe, wala asiaibishwe kwa shuka.

La pili, mwambie ukweli unaolingana na kimo chake. "Mama na baba wanadaiwa hela. Wakubwa wanashughulikia. Wewe hujakosa." Hilo la mwisho usiliache. Watoto wa umri huo wanajiona wao ndio chanzo cha kila kitu. Kile alichouliza, kikombe kilikosa nini, mimi nimekielewa hivi: anatafuta aliyekosea, na anaogopa asije akawa yeye.

La tatu ni wewe. Enzi zangu nikiona kwenye kadi mstari wa uzito umelala miezi mitatu mfululizo, nilijifunza kumuuliza mama, "Na wewe unalala?" kabla sijauliza uji una nini. Nakumbuka mmoja alinijibu, "Nesi, hakuna aliyewahi kuniuliza," akaweka mtoto mezani akalia mpaka foleni nzima ikanyamaza. Unalala? Unakula? Kama wiki mbili zimepita hupati usingizi, hakuna kinachokufurahisha, au unawaza usingekuwepo, nenda hospitali kwa ajili yako mwenyewe, mtoto awe amekusindikiza tu. Na kama hakuna hela, tafuta mama mmoja mwenye kifua. Huko Harare, tangu 2006, daktari Dixon Chibanda amewafundisha mabibi wa kawaida kukaa kwenye benchi nje ya kliniki na kusikiliza watu wenye mawazo mazito. Utafiti uliotoka 2016 ulionyesha waliokaa na wale mabibi walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Ni bibi na benchi. Pasua hawakosekani.

Mzee wa Kibosho

Pole mama. Lakini tusiwatie hofu vijana. Sisi tulilala njaa, tulichapwa, baba zetu walikunywa mbege wakarudi wakigomba, na tumekua, tumesoma, tumejenga. Mtoto akilindwa sana atashindwa maisha.

Nesi Mstaafu, Arusha

Mzee wangu, shikamoo. Wapo waliokua na wapo tuliowazika. Mwaka 1998 California walichapisha utafiti, watu wazima maelfu waliulizwa ya utotoni mwao: kupigwa, ugomvi wa wazazi, mlevi ndani ya nyumba. Kadiri yalivyokuwa mengi, ndivyo walivyokutwa zaidi na magonjwa ya moyo, ulevi na sonona ukubwani. Si kila mmoja, lakini mzigo ulionekana.

Na wewe hukukua peke yako. Kihambani, kwenye shamba la ukoo, kulikuwa na bibi, shangazi, mke wa baba mdogo. Mama yako alipojifungua alikaa ndani akinywa mtori, miezi, na kuni zililetwa na wengine. Huyu binti yuko Pasua, vyumba viwili na geti la bati. Nani anamchotea maji?

Mgumu Mstaafu, Moshi

Dada, mimi ninaandika kama baba. Nilipanda mlima miaka 11, sasa nina bodaboda. Mwaka 2020 wageni walipokatika kwa korona binti yangu alikuwa na mwaka na nusu. Nilikaa nyumbani kuanzia Machi. Watu wanasema baba akiwa nyumbani mtoto anafurahi. Mimi nilikuwa nyumbani kama jiwe. Getini Machame mzigo wako unapimwa, ukizidi kilo 20 unapunguzwa kabla hujapanda. Ule niliokuwa nao sebuleni hakuna aliyeupima, na mimi sikumwambia mtu.

Binti alikuwa anajua maneno kama ishirini. Kufika Septemba yalikuwa yaleyale. Mke wangu ndiye aliyeona. Tulimpeleka, masikio yakapimwa, mazima. Yule daktari akaniuliza mimi, sio mke wangu, "Baba, unaongea naye mara ngapi kwa siku?" Nilikosa jibu. Nikaanza kwenda naye kununua maziwa asubuhi, basi. Namwambia hii ni bodaboda, ile ni ng'ombe, yule ni mama anauza ndizi, leo mlima unaonekana, leo umefunikwa. Nilikuwa naona ni upuuzi, mwanaume mzima anaongea barabarani. Krismasi ilipofika alikuwa ananisahihisha.

Mwambie shemeji asome hapa. Hiyo meza aliyoipiga, mimi naijua. Aende yeye mwenyewe amwambie Babuu kwamba kikombe hakikukosa kitu, baba ndiye alikuwa na hasira. Kwangu ilinichukua siku mbili kupata ujasiri wa sentensi kama hiyo.

Na deni: nendeni wote wawili ofisini kwao, msingoje Ijumaa. Ombeni rejesho lipungue muda uongezeke, muandikiane. Uliza pia leseni yao. Kwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 mkopeshaji lazima awe nayo, na ukiuliza tu sauti inabadilika.

Mwalimu wa Awali, Usa River

Naongeza kidogo. Ongea na mwalimu wake, huhitaji kumweleza deni, mwambie tu nyumbani tunapita kipindi kigumu. Ampe kazi ndogo ya kila siku. Darasani kwangu mtoto aliyenyamaza namkabidhi vikombe vya uji agawe. Analazimika kumwangalia kila mwenzake usoni, na hakuna anayemlazimisha kuongea. Tangu Programu Jumuishi ya taifa ya malezi na makuzi ya mtoto ilipozinduliwa Desemba 2021 tunakumbushwa kwamba mtoto wa miaka 0 hadi 8 anahitaji mambo matano kwa pamoja: afya, lishe, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, ulinzi na usalama. Wazazi wengi wanatuulizia kusoma na kuandika tu. Na nyumbani kukizidi, afisa ustawi wa jamii yupo, na namba 116 ya watoto inapigwa bure.

Mama Babuu, Moshi

Mama Nesi, shikamoo. Na nyote, asanteni. Zimepita siku kumi na moja ndiyo narudi.

Mkojo umepimwa, hauna kitu. Choo chake kweli kilikuwa kigumu, nilikuwa sijaangalia.

Nilimpa mume wangu simu asome. Alisoma akiwa amesimama, akamaliza, akatoka nje. Nikajua nimekosea. Alirudi usiku, Babuu ameshalala, akakaa kwenye ukingo wa kitanda chake mpaka nikapitiwa na usingizi. Asubuhi nikamsikia uani akimwambia habari ya kikombe. Babuu akamuuliza, "Na meza?" Baba yake akasema, "Na meza pia haijakosa."

Ofisini tulienda wote. Walitusema, lakini wamekubali 40,000 kwa wiki, tumeandikiana. Ijumaa walipogonga nilifungua geti mwenyewe, Babuu nimembeba. Alijificha uso shingoni kwangu, moyo wake nausikia kwenye kifua changu unavyodunda. Nikasema, "Mama yupo." Nilisema kwa sauti ili asikie yeye. Yule kijana wa marejesho alishangaa, akapokea, akaandika, akaondoka. Babuu akainua kichwa, akaangalia geti muda mrefu.

Vizibo bado anavipanga. Kopo bado analifunika, ila juzi alilifunua mwenyewe, akavihesabu, akalirudisha.

Jana usiku amekojoa tena. Nilibadilisha shuka bila kuwasha taa, namwimbia kidogo kidogo. Nikajua amelala. Akaniuliza gizani, "Mama, kesho Ijumaa?"

Nikamwambia kesho Jumatano. Akasema haya, akageukia ukutani.