Mgonjwa hana kumbukumbu, halafu mnamwambia "kumbuka kubonyeza kengele"?

Wakuu, hasira hii nimekaa nayo wiki ya tatu sasa. Leo naitapika hapa.

Mama yangu ana miaka 81, na ugonjwa wa kusahau anao mwaka wa nne huu. Alilazwa kwa nimonia. Siku ya kwanza sista akamwonyesha kengele: "Bibi, ukitaka kwenda chooni bonyeza hapa, usiinuke peke yako, sawa?" Mama akaitikia sawa. Faili likaandikwa mgonjwa ameelekezwa na ameelewa. Hata dakika kumi hazijaisha, mama ananiuliza hii nyumba ni ya nani.

Niliomba nilale naye. Nikaambiwa muda wa kuona wagonjwa umekwisha, nisiwe na wasiwasi, vyuma vya kitanda vitapandishwa. Usiku wa pili, saa tisa hivi, mkojo ukambana. Unadhani mtu asiyejua yuko wapi akikuta chuma mbele yake atatulia? Akapanda juu yake na mrija wa dripu mkononi, akadondoka kutoka juu kuliko ambavyo angedondoka kama vyuma visingekuwepo. Nyonga imevunjika. Na kwa wazee, kati ya 10 wanaovunjika nyonga, 2 hadi 3 hawamalizi mwaka. Hilo ndilo ninalolala nalo.

Nauliza imekuwaje, najibiwa: "Alielekezwa."

Alielekezwa! Mwaka 2011 huko Australia walichapisha utafiti wa hospitalini kuhusu hayo maelekezo: wagonjwa wenye akili timamu walipungua kuanguka, wenye matatizo ya kumbukumbu haikuwasaidia. Miaka yote hiyo, na bado kuna mtu anatia tiki kwenye fomu na kuona kazi imekwisha. Msije mkaniambia alamu ya kitanda nayo, Marekani waliijaribu kwenye wodi 16, matokeo ya 2012 hayakuonyesha kuanguka kukipungua. Alamu inalia mtu akishainuka, nesi yuko chumba cha nne.

Mama hakuhitaji mitambo. Alihitaji mtu wa kumpeleka chooni kabla hajalala na tena katikati ya usiku, bila kusubiri aombe. Kitanda kishushwe hadi chini. Taa ndogo iwake njia ya chooni. Miwani yake, ambayo niliikuta kwenye droo imefungwa ndani ya mfuko! Viatu visivyoteleza badala ya soksi.

Tena jioni ile alikuwa amechanganyikiwa kuliko kawaida yake, nikasema. Homa na maambukizi humvuruga mzee ghafla, na hiyo ilitakiwa iwashtue. Wao wakampa dawa ya usingizi "apumzike". Dawa zenyewe ndizo zinazolegeza miguu ya wazee!

Manesi siwalaumu sana. Usiku ule walikuwa wawili kwa wodi nzima, na mmoja alilia kuniona. Namlaumu aliyepanga zamu hiyo, na aliyeamua kwamba mtoto wa mgonjwa ni mgeni wa kufukuzwa jioni wakati angekuwa macho ya bure.

Juzi, baada ya upasuaji, wamemhamishia wodi nyingine. Nesi mpya kaja, mpole kabisa, kamwonyesha mama kengele.

Aliyewahi kudai nakala ya faili la mgonjwa wake aniambie alianzia wapi.