Mrejesho: vifaa vya mkono vya kulainisha mbao

Wakuu, ni yule niliyeuliza nianze na vifaa gani vya kuchonga na kulainisha mbao, asanteni sana aisee. Nilimfuata mdau aliyesema nitafute randa ya chuma iliyotumika badala ya mpya ya bei chee, nimeipata hapa hapa Moshi, nikanoa kisu chake kwa pembe ya nyuzi 25 na kwenye mbao ya saiprasi inatoa maranda membamba mpaka raha. Tupa ya mbao nayo kwenye miguu ya stuli ya mviringo ni mkombozi.

Ila kwenye mninga bado randa inachana pale nyuzinyuzi zinapopishana, hata nikipunguza kisu kisitokeze sana, hapo kilichosaidia ni kukwangua na kipande cha msumeno wa zamani halafu msasa namba 120 kisha 240. Patasi sijanunua bado. Mbarikiwe sana.