Spektra imebana, msimamizi anataka niandike "leza": nifanyeje?

BintiMaweni:
Habari zenu wanajamvi. Niko kwetu Malindi namalizia tasnifu ya uzamili ya fizikia, maabara nimeiacha Nairobi. Kazi yangu ni filamu za perovskaiti, yaani fuwele inayotoa mwanga, ya seziamu, risasi na bromini (CsPbBr3) juu ya vipande vya glasi, unene kama nanomita 200. Nazimulika kwa leza ya nanomita 355 yenye mapigo ya nanosekunde. Nguvu ikiwa ndogo natoa kijani kilichokaa 525, upana wake kama nanomita 20. Nikiongeza nguvu, ghafla kinachomoza kilele kingine chembamba pale 540, upana 5 hivi, na mwanga unapanda mbio. Kizingiti kipo na kinaonekana wazi kwenye grafu.

Msimamizi anasema basi hiyo ni leza, na neno liingie kwenye kichwa cha tasnifu. Mimi nasita. Filamu ni tupu, hazina vioo wala chochote. Niandike, au nimkatalie? Na jingine: sampuli nilizokuja nazo ziko kabatini na unyevu huu wa bahari. Zitapona?

KomboLaMvita:
Malindi na leza wapi na wapi dada 😂

Ngomeni_Juu:
Wewe Kombo, setilaiti ya Uhuru ilirushwa kutoka hapa Ngomeni tarehe 12 Desemba 1970. Acha watu waulize.

FundiSpektra:
Dada, una haki ya kusita. Ulichonacho ni ASE, yaani mwanga unaozaliwa wenyewe ndani ya filamu kisha ukakuzwa kwa kuchochewa ukiwa safarini. Filamu inaubana kwa sababu fahirisi yake ya mpindo ni kubwa kuliko ya glasi na ya hewa, kwa hiyo unasafiri ndani kwa ndani hadi ukingoni, ukikua njia nzima. Mara moja, basi, umetoka. Leza inataka mwanga urudishwe. Piga kofi uwanjani, kisha pigia katikati ya kuta mbili za kichochoro cha Lamu, utanielewa.

Hata kilele chako kuhamia 540 kinasema hivyohivyo. Upande wa buluu filamu inajinywea mwanga wake yenyewe, faida halisi, yaani kule kukuzwa kwa mwanga, inabaki upande wa wekundu.

Mwaka 2014 kundi la Singapore lilionyesha ASE katika filamu za namna hii, na waliiita kwa jina lake. Mwaka huohuo kundi la Cambridge liliiweka perovskaiti katikati ya vioo viwili, ndipo wakasema leza. Mpe msimamizi mfano huo.

Doktari_wa_Kijiweni:
Mnamtisha bure. Kuna leza ya mtawanyiko, haihitaji vioo, chembe za filamu zenyewe zinarudisha mwanga. Aandike hiyo atoke zake.

FundiSpektra:
Ipo, sikatai. Lakini hiyo huonyesha miiba myembamba juu ya kilele, mara nyingi chini ya nanomita 1, na ukisogeza doa la leza miiba inahama. Yeye ana kilele kimoja laini. BintiMaweni, hebu sema, kuna miiba?

BintiMaweni:
Hakuna kaka. Laini kabisa, na spektromita yetu inatofautisha mpaka nanomita 0.3.

FundiSpektra:
Basi Doktari ajibu mwenyewe.

Ukirudi Nairobi, weka lenzi ya silinda doa liwe mstari, na mwanya wa kubadilisha urefu wake. Pima kinachotoka ukingoni. ASE itapanda kwa kasi ya kipeo kadiri mstari unavyorefuka, na kutoka hapo unapata kipimo cha faida kwa kila sentimita. Hiyo ni namba nzuri ya tasnifu, kuliko hilo neno mnalogombania.

BiTatu:
Mwanangu, kuhusu msimamizi usiende na hoja, nenda na grafu. Nilishasimamia wanafunzi, najua tulivyo: ukiniambia nimekosea nitakaza shingo. Mwambie, "Mwalimu, mtahini wa nje akiniuliza mwangwi uko wapi, nimjibu nini?" Kisha nyamaza.

Na hivyo vipande toa kabatini. Chupa yenye kifuniko cha kukaza, ndani tia vile vipakiti vya silika vya kwenye masanduku ya viatu. CsPbBr3 ni ngangari kuliko ile ya methilamonia na iodini, ambayo ikinywa maji huacha iodidi ya risasi ya njano tupu, lakini usiitegemee sana. Mulika kwa tochi ya urujuanimno: mabaka ya giza yakianzia kwenye kingo, ndiyo inakwenda hiyo. Safari ijayo paka PMMA, plastiki angavu ya kuzuia unyevu, juu kabla ya kuondoka maabara. Ina risasi pia, kwa hiyo isikae jikoni kwa mama, na kilichovunjika kirudishe maabara, si jaani.

KomboLaMvita:
Swali la kweli sasa. Nikiichomeka betri haiwi leza?

FundiSpektra:
Betri itakupa taa. LED ya perovskaiti iliwaka kwenye joto la kawaida la chumba tangu 2014. Leza ya umeme inataka mkondo mzito mno, filamu inapata moto na ayoni zinaanza kutembea ndani yake. Hata kwa kumulikwa mfululizo bila mapigo, mwaka 2017 walilazimika kushusha mpaka kelvini 100 hivi. Joto la kawaida lilikuja 2020, kwa filamu za tabaka.

Ngomeni_Juu:
Kama msimamizi ameng'ang'ania leza, mtengenezee. Mifereo ya mpangilio chini ya filamu hurudisha mwanga badala ya vioo, na diski ya Blu-ray inayo kila nanomita 320. Zidisha kwa fahirisi ya mwanga ndani ya filamu, tuseme 1.7, unapata 544. Jirani kabisa na 540 yako.

BintiMaweni:
Subiri. Nimwage mchanganyiko juu ya diski moja kwa moja?

Ngomeni_Juu:
Hapana! DMF, kile kiyeyushi cha mchanganyiko wako, italila lile plastiki. Bandua ngozi ya juu, ni milimita 0.1 tu, kisha nakili mifereo kwa mpira wa silikoni, halafu uigongee kwenye gundi inayoganda kwa urujuanimno juu ya glasi. Filamu ije mwisho. Fahirisi ikikukataa, badilisha unene wa filamu.

BintiMaweni:
Nimeelewa. Kichwa kitakuwa cha ASE, na mifereo naiomba kama sura ya mwisho nikipata muda wa maabara. Bi Tatu, ile ya mtahini wa nje nimeichukua kama ilivyo. Kuna mtu Malindi ana Blu-ray tupu ya kurekodi?

KomboLaMvita:
Ninayo. Ina harusi ya binamu yangu lakini.

Ngomeni_Juu:
Tupu, Kombo. Amesema tupu.