Mjadala: Tume ya Ominde ilikosea kutaka Kiingereza tangu darasa la kwanza?

Mkomani, Lamu: Kenya ilipopata uhuru Desemba 1963 ilirithi shule zilizogawanywa kwa rangi. Ripoti ya tume ya elimu ya Simeon Ominde ya 1964 ilitaka ziunganishwe, na hiyo ilikuwa haki. Lakini ilitaka pia watoto wafundishwe kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza, Kiswahili kiwe somo tu. Hapo ilikosea. Mwana wa Amu, yaani Lamu, alifika shuleni ashapita chuoni, yaani madrasa, anajua kuunganisha herufi na irabu. Kiswahili kina vokali tano, na silabi husomwa ilivyoandikwa. Angesoma mapema sana.

Barani, Malindi: Ndugu yangu wa Amu, Kenya si Amu peke yake. Darasa moja la Malindi lina Mgiriama, Mhindi na Mbajuni. Tena mtihani wa kuingilia sekondari ulikuwa wa Kiingereza. Ukimfundisha mtoto kwa Kiswahili miaka saba, utamfungia mlango palepale.

Langoni, Lamu: Nyote mwalisahau darasa lenyewe. Mbinu ile ya kufundisha kwa Kiingereza tangu mwanzo ilianza kujaribiwa 1957 katika shule za Wahindi mjini Nairobi: kadi za picha, watoto kwa vikundi, mwalimu anayekimudu Kiingereza. Ilipoenezwa, vifaa havikufuata. Mwalimu asipokimudu hukaririsha, na darasa zima huitikia pamoja. Mpe mtoto huyo hesabu ya maelezo uone: kutoa anajua, swali halielewi. Ripoti nyingine ya elimu, ya Gachathi ya 1976, ilirudisha lugha ya eneo darasa la kwanza hadi la tatu, ila darasa la nne masomo yakageuka kuwa ya Kiingereza kwa mpigo mmoja. Afadhali muhula wa mwisho wa darasa la tatu mwalimu afundishe istilahi za hesabu kwa lugha zote mbili, maneno kumi kwa wiki, sayansi ifuate baadaye.

Mkomani, Lamu: Kuhusu kadi nakubali, Mwalimu wa Langoni. Na hata lugha ya eneo ina mtego wake: mwana wetu husema *mato*, *ndaa*, *nti*, kitabu chasema macho, njaa, nchi. Akikatwa alama bila kuonyeshwa kwamba *t* yetu mara nyingi ndiyo *ch* yao na *nd* ndiyo *nj*, hujiona hajui hata lugha ya mamake.

Na wewe wa Barani, Kiswahili hakikutahiniwa kwa lazima mpaka mfumo wa elimu wa 8-4-4 (miaka minane ya msingi, minne ya sekondari, minne ya chuo kikuu) ulipoingia 1985. Miaka ishirini kipindi chake kilimezwa na masomo yenye mtihani. Mlango unaousema uliwekwa na serikali yenyewe. Ungeweza kufunguliwa kwa lugha mbili.